Nani Azime Taa? Historia ya kupima hatari ya moto kabla ya kukata umeme

Insha yetu ya safari hii ni ya historia, ila si ya wafalme wala vita. Ni historia ya swali moja gumu. Upepo mkali unakuja kesho, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga, na waya mmoja wa umeme ukikatika unaweza kuchoma mji mzima. Je, uzime umeme wa watu laki kadhaa leo usiku kabla chochote hakijatokea? Na ukiuzima, mama anayepumua kwa mashine ya oksijeni afanye nini?

Tumechagua swali hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tuna ndugu na marafiki waliohamishiwa Marekani, na baadhi wako California, kwenye miji kama San Diego na Sacramento. Huko mtu anaweza kupata ujumbe kwenye simu kwamba umeme utakatwa kwa sababu ya upepo. Ukisikia hivyo ukiwa huku unasema, ah, kumbe na wao wana mgao! Sio mgao. Umeme upo, wanauzima makusudi. Ya pili, sisi tunajua maana ya kuishi chini ya uamuzi uliofanywa kwa namba na mtu ambaye hujawahi kumwona. Kwa hiyo historia hii ya mbali ina kitu cha kutufundisha.

VIJITI VYA GRAMU 100

Mwezi wa nane mwaka 1910, moto mkubwa uliteketeza milima ya Idaho na Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Kwa siku 2 tu ziliungua zaidi ya hekta milioni 1, na watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa wazima moto. Baada ya hapo Idara ya Misitu ya nchi hiyo ikaanza kutafuta njia ya kujua mapema siku ipi itakuwa mbaya.

Mmoja wa waliotafuta alikuwa Harry Gisborne, aliyeanza utafiti wake kwenye kituo cha Priest River, Idaho, mwaka 1922. Wakati ule mlinzi wa msitu aliangalia mbingu, akashika majani, akasema "leo kumekauka" au "leo afadhali". Kila mtu na macho yake. Gisborne alitaka kitu ambacho watu wawili wakikipima watapata jibu moja.

Njia iliyokuja kuzoeleka ni rahisi ajabu. Unachukua vijiti vya mti wa msonobari vilivyochongwa sawasawa, unavikausha kwenye jiko maalumu hadi visibaki na maji, unahakikisha vyote pamoja vina uzito wa gramu 100. Halafu unaviweka nje msituni, vinyeshewe, vipigwe jua na upepo. Kesho yake unavipima tena. Vikiwa na gramu 110, basi vimenyonya unyevu wa asilimia 10. Vikiwa na gramu 104, ni asilimia 4, na hapo ujue kila tawi kavu la unene huo msituni liko tayari kushika moto. Haihitaji kompyuta. Mzani na vijiti tu.

Gisborne akaunganisha unyevu huo na upepo na hali ya hewa, akatengeneza kipimo cha mkononi, kitu kama kadi ya kuvuta, kinachotoa daraja la hatari la siku hiyo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1930. Wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu, na yeye alikuwa anatafuta mawingu ya moto. Mwaka 1949, baada ya wazima moto 13 kufa kwenye bonde la Mann Gulch, Montana, alikwenda mwenyewe kuangalia jinsi ule moto ulivyokimbia, ingawa moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alifia njiani wakati wa kurudi, siku ile ile.

SIKU ILIYOVUKA MIA

Upande wa pili wa dunia, Australia, kulikuwa na Alan McArthur. Yeye aliwasha mioto midogo ya majaribio, mingi sana, akapima inavyotembea. Kutokana na hiyo, miaka ya 1960 akatengeneza duara la karatasi ngumu linalozungushwa: unaweka joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo na ukame, linakupa namba. Mia moja ililinganishwa na siku mbaya kuliko zote walizokuwa wanazijua, yaani Ijumaa ya tarehe 13 Januari 1939, ambapo mioto ya jimbo la Victoria iliua watu 71. Mia ilikuwa kama dari. Nani angefikiri kutakuwa na kitu juu ya dari?

Tarehe 7 Februari 2009, siku wanayoiita Jumamosi Nyeusi, joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4. Namba ya McArthur sehemu nyingi ilivuka mia na kuiacha mbali. Karibu na saa sita mchana waya mkuukuu wa umeme ulikatika eneo la Kilmore East. Moto ulioanzia hapo peke yake uliua watu 119, na jumla ya waliokufa siku hiyo kwenye jimbo zima ni 173.

Tume ya uchunguzi ilikaa, ikasikiliza mashahidi, na mwaka 2010 ikatoa ripoti yenye mapendekezo 67. Iligundua kwamba mioto mitano kati ya iliyochunguza ilihusiana na mitambo ya umeme. Baada ya Jumamosi Nyeusi, Australia ikaongeza daraja jipya juu kabisa ya lile lililokuwa la mwisho, kwa sababu dari la zamani lilishapasuka.

Hapo tuelewe jambo moja. Nyaya za umeme haziwashi mioto mingi. California, kwa mfano, ni chini ya moja ya kumi ya mioto yote. Lakini ukitazama orodha ya mioto iliyoharibu zaidi, nyaya zimejaa. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweza kutupa kipande cha sigara siku yoyote, hata siku tulivu, na moto ukazimwa kwa ndoo. Waya unakatika siku ya upepo mkali. Upepo ule ule uliouvunja ndo unaousukuma moto kuelekea kwenye nyumba za watu. Cheche na upepo vinafika pamoja.

SAN DIEGO YAOMBA RUHUSA, YANYIMWA

Sasa twende California. Kusini kwa jimbo hilo, kila msimu wa vuli, upepo unaoitwa Santa Ana hushuka kutoka nyanda za juu za jangwani kwenda baharini. Ukishuka mlima hewa yake inabanwa, inapata joto na kukauka zaidi. Unakuta vichaka vimeshakaa miezi bila mvua, halafu upepo mkavu kama wa tanuri unapita juu yake.

Oktoba 2007 upepo huo ulipiga kaunti ya San Diego. Mioto mitatu, Witch, Guejito na Rice, ilihusishwa na nyaya za kampuni ya umeme ya huko, San Diego Gas & Electric. Witch na Guejito ziliungana, zikachoma karibu hekta 80,000 na zaidi ya nyumba 1,000.

Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaja na wazo: siku za hatari tuzime umeme kabla. Ikaandika masharti yake, kwamba umeme utazimwa kama hewa imekauka kiasi fulani, upepo umefika kasi fulani, na majani, mabichi na makavu, yamepungukiwa maji kiasi fulani, yote kwa pamoja. Ikapeleka ombi kwa Tume ya Huduma za Umma ya California, chombo cha serikali kinachosimamia kampuni za umeme.

Septemba 2009 tume ikasema hapana. Tunapenda sana sehemu hii ya historia, kwa sababu waliopinga hawakuwa wajinga wala hawakuwa wanapenda moto. Walikuwa watetezi wa watu wenye ulemavu, shule, mamlaka za maji, makampuni ya simu. Hoja zao zilikuwa nzito. Pampu za maji zinatumia umeme: ukizima, wazima moto watapata wapi maji? Taa za barabarani zikizimika, watu watakimbiaje kwa magari usiku? Simu zikikatika, nani atasikia tangazo la kuhama? Watu wakiwasha jenereta na mishumaa, si mtaanzisha mioto mingine? Na yule anayetegemea mashine kuishi? Tume ilisema kampuni haikuthibitisha kwamba faida ya kuzima inazidi madhara yake.

Ila mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2012 tume hiyo hiyo ilikubali kwamba kampuni ina mamlaka ya kuzima umeme pale usalama unapolazimu, lakini iwe hatua ya mwisho, iwape watu taarifa kadiri inavyowezekana, na baadaye ijieleze kwa nini ilizima. Julai 2018 kanuni za namna hiyo zikapanuliwa kwa kampuni nyingine kubwa za umeme zinazosimamiwa na tume hiyo.

NAMBA INAVYOPIKWA

Kama utazima umeme wa watu, lazima uwe na namba inayosimama mbele ya tume na mahakama. "Tuliona upepo" haitoshi.

Kwanza, vituo vya hali ya hewa. San Diego walianza kufunga vituo vyao kwenye nguzo zenyewe, na leo ni zaidi ya 200 kwa kaunti moja na viunga vyake. Sababu ni kwamba upepo wa milimani haufanani. Bonde hili limetulia, shingo ya mlima ule kilomita 3 mbele inapeperusha mabati. Ukitegemea kituo cha uwanja wa ndege utadanganyika.

Pili, majani mabichi. Hii bado ni kazi ya mikono. Watu wanaenda kichakani, wanakata vitawi vya mmea unaoitwa chamise, wanavipima, wanavikausha, wanavipima tena. Majira ya kuchipua kichaka kinaweza kuwa na maji mengi kuliko uzito wake mkavu. Kufika vuli kinashuka hadi karibu asilimia 60, na hapo kijani unachokiona kwa macho ni cha kudanganya, kwa sababu kinawaka karibu kama kuni.

Tatu, nyasi. Picha za satelaiti zinaonyesha lini zimechipua na lini zimekufa.

Nne, hesabu ya kuunganisha yote. Septemba 2014, Idara ya Misitu, kampuni ya San Diego na chuo kikuu cha UCLA walizindua kiashiria cha hatari ya moto wa upepo wa Santa Ana. Walirudi nyuma miaka 30, wakajenga upya hali ya hewa ya kila siku kwa kompyuta, wakalinganisha na mioto iliyotokea kweli. Wakaona kwamba kasi ya upepo izidishwe kwa yenyewe, yaani upepo ukiwa mara 2, hatari inakuwa mara 4. Kisha unazidisha na ukavu wa hewa, unaopimwa kwa tofauti kati ya joto la sasa na lile joto ambalo umande ungeanza kutoka. Tofauti ikiwa ndogo, ni asubuhi yenye ukungu. Ikiwa kubwa, hewa ina kiu na inanyonya maji popote ilipo. Baada ya hapo unaingiza hali ya vichaka na nyasi. Jibu halitolewi kama namba tupu, linawekwa kwenye madaraja ambayo mtu wa kawaida anayaelewa, kutoka hatari ndogo hadi hatari iliyopitiliza.

Kwa uamuzi wa kuzima, wanaongeza maswali ya mitambo: nguzo za mstari huu zina umri gani, miti iko karibu kiasi gani, upepo wa kasi ipi uliwahi kuvunja kitu hapa? Na mwisho kuna binadamu. Watu wanatumwa milimani kuangalia kwa macho matawi yanavyoruka na nyaya zinavyocheza, na wanaripoti kwa redio.

PARADISE

Kaskazini mwa California kampuni kubwa ni Pacific Gas and Electric, PG&E. Oktoba 2018 ilizima umeme kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kuzuia moto, wateja karibu 60,000. Watu wengi walilalamika.

Mwezi uliofuata, tarehe 6 Novemba, ikawaambia makumi ya maelfu ya wateja, wakiwemo wa kaunti ya Butte, kwamba huenda itazima tena tarehe 8. Vuli ilikuwa imefika bila mvua ya maana. Tarehe 8 ikafika, wakapima, wakaamua hali haijafikia kiwango. Hawakuzima.

Lakini hata kama wangezima, kuna jambo jingine. Mstari ulioleta balaa, Caribou-Palermo, ulikuwa wa msongo mkubwa wa kilovolti 115, na mistari ya aina hiyo haikuwa kwenye mpango wa kuzimwa. Alfajiri ile, kwenye mnara mmoja, ndoano ya chuma iliyoning'inia kwa karibu miaka 100 na kulika kidogo kidogo, ilikatika. Waya ukaanguka kwenye chuma cha mnara, cheche zikadondoka kwenye nyasi. Kufika saa mbili asubuhi moto ulikuwa unaingia mji wa Paradise. Walikufa watu 85. Majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea.

Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa ndoano moja. Upepo wa asubuhi ile ulipimwa vizuri na vituo vilivyokuwa jirani. Kilichokosekana ni mtu wa kupanda mnara na kuipima ndoano. Juni 2020, mbele ya hakimu, PG&E ilikiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia, huku majina ya marehemu yakisomwa moja moja. Ilikuwa imeshaomba ulinzi wa kufilisika tangu Januari 2019, na makubaliano na waathirika wa mioto yake yalifika dola bilioni 13.5.

GIZA LA 2019

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Oktoba 2019 PG&E ilizima umeme wa wateja zaidi ya 700,000 kwa mara moja. "Mteja" hapo ni mita, si mtu, kwa hiyo watu waliokaa gizani walikadiriwa kuwa karibu milioni 2. Mwishoni mwa mwezi huo ikazima tena, safari hii wateja zaidi ya 900,000.

Kila hoja ya mwaka 2009 ilirudi ikiwa na miguu. Tovuti ya kampuni, ambayo watu waliambiwa waangalie ramani, ililemewa ikaanguka. Katika kaunti ya Marin zaidi ya nusu ya minara ya simu ilizimika. Vyakula vilioza kwenye mafriji, na kwa familia ya kipato kidogo hicho ni chakula cha wiki nzima. Mwenye pesa alinunua jenereta. Baadaye tume ilikuta kwamba makumi ya maelfu ya wateja hawakupewa taarifa kabisa, wakiwemo zaidi ya elfu moja wanaotegemea vifaa vya matibabu. Mwaka 2021 kampuni ikapigwa adhabu ya dola milioni 106 kwa jinsi ilivyoendesha ule uzimaji.

Na bado moto ulitokea. Tarehe 23 Oktoba 2019, eneo la kaunti ya Sonoma, kampuni ilikuwa imezima nyaya ndogo za mitaani lakini ikaacha mstari mkubwa wa msongo wa juu ukiwaka. Mstari huo ndo uliowasha moto wa Kincade, zaidi ya hekta 31,000. Somo lile lile la Paradise: kipimo kinalinda tu kile ulichokubali kukiweka ndani ya kipimo.

Lakini tuwe wakweli, upande wa pili upo. Baada ya ule uzimaji wa kwanza wa Oktoba, wafanyakazi walipokagua mistari walikuta uharibifu wa upepo sehemu zaidi ya 100, nyaya zilizokatika, matawi yaliyolala juu yake. Kila mmoja ungeweza kuwa cheche. Ni mingapi ingekuwa Paradise nyingine? Hakuna anayeweza kusema. Na huo ndio ugumu wa kazi ya kuzuia. Friji iliyooza unaipiga picha. Mji ambao haukuungua hauna picha, ni mji tu wa kawaida, watu wanaamka wanalalamika umeme hakuna.

KUWASHA TENA NAKO NI HATARI

Wengi wanauliza: upepo ukitulia, si ubonyeze swichi tu? Hapana. California mstari haurudishiwi umeme mpaka ukaguliwe, kwa miguu, kwa gari au kwa helikopta, na mara nyingi lazima kupambazuke kwanza. Ndio maana upepo wa masaa 12 unaweza kuleta giza la siku 2 au 3.

Umuhimu wake ulionekana Lahaina, kisiwa cha Maui, Hawaii, tarehe 8 Agosti 2023. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba asubuhi ile nyaya zilizokuwa zimevunjika zilipelekewa umeme tena, cheche zikawasha nyasi. Wazima moto waliuzima huo moto, wakaamini umekwisha. Alasiri upepo ukafufua makaa yaliyobaki, na mji ukaisha. Walikufa watu 102. Kampuni ya umeme ya huko haikuwa na mpango wa kuzima kabla ya hatari. Ilianza kuwa nao katikati ya 2024. Colorado nako, baada ya moto wa Marshall kuchoma nyumba zaidi ya 1,000 mwishoni mwa 2021, kampuni ilizima umeme kwa njia hiyo mara ya kwanza Aprili 2024.

California yenyewe ilijifunza kidogo kidogo. Mistari imegawanywa vipande vidogo, ili uzime kijiji kimoja badala ya wilaya. Vimefunguliwa vituo vya jamii ambako mtu anachaji simu na mashine yake. Betri zinagawiwa kwa wagonjwa. Na taarifa zinatakiwa zitoke kwa lugha nyingi, hadi lugha za wenyeji wa asili wa Mexico kama Mixteco na Zapoteco, kwa ajili ya wafanyakazi wa mashambani. Hapo tulisimama kidogo tuliposoma. Ilibidi mtu adai haki hiyo, haikuja yenyewe.

SISI NA MKANDA WA RANGI

Huku kwetu hatuna nyaya za kilovolti 115 zinazopita juu ya mahema. Sehemu nyingi umeme, au stima kama wanavyosema wenzetu wa Kenya, ni paneli ya jua na betri. Lakini kipimo kinachoamua maisha tunakijua vizuri sana. Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki anajua ule mkanda wa mkono. Mzunguko ukiwa chini ya milimita 115, rangi nyekundu, mtoto anaingia kwenye matibabu ya utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125, njano. Milimita moja tu inabadilisha anachopewa mtoto wako.

Hatusemi mkanda ni mbaya. Umeokoa watoto wengi, na kabla yake ilikuwa kama ule wakati wa mlinzi wa msitu: kila mtu na macho yake, na mara nyingi macho yalimwona anayefahamika kwanza. Namba inaweza kuwa haki kwa sababu haijui kabila lako. Ila mkanda haumlishi mtoto. Na vijiti vya Gisborne havizimi moto.

Kwa hiyo kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, historia hii inauliza maswali manne, na tunaomba myachukue nayo kwenye mikutano yenu. Kipimo chenu kinapima nini, na ni mstari gani mkubwa mmeuacha nje kama ule wa Kincade? Anayebeba gharama ya tahadhari ni nani: ni yule yule anayelindwa, au ni jirani yake maskini? Taarifa inafika kwa lugha gani na kwa njia gani, simu ikiwa imezimika? Na baada ya kuamua, mnajieleza kwa nani?

Kwa vijana wenzetu, tunasema hivi. Kupima si kazi ya wazungu wenye kompyuta peke yao. Kijiti, mzani na daftari viliianzisha sayansi hii yote. Nyumba zetu nyingi zina paa la nyasi au turubai, tunapikia moto wa kuni mlangoni, na kiangazi upepo tunaujua. Kikundi kimoja kinaweza kuandika kila siku upepo ulivyo, mvua ya mwisho ilinyesha lini, nyasi za pembeni ya blok zimekauka kiasi gani, na siku ikiwa mbaya kupita nyumba kwa nyumba kusema: leo jamani tupike mapema, tuzime makaa kabisa, tuweke maji karibu. Mtalalamikiwa. Kwa sababu siku hiyo hakuna kitakachoungua, na watu watasema mliwasumbua bure.

Mkiambiwa hivyo, kumbukeni ule mji ambao hauna picha.

Tuandikieni: kwenye blok yenu, nani angekuwa wa kwanza kuumia umeme ukizimwa siku tatu? Na nani angekuwa wa kwanza kuumia moto ukija? Tukipata majibu yenu tutayaweka pamoja kwenye insha ijayo.